Kidari si Chakula

Alhamisi, 17 Oktoba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu Gladys ambaye namweleza karibu kila kitu: jana nilimkabidhi muuguzi karatasi yenye uongo, na uongo huo niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Tangu tarehe mbili mwezi huu nyumba yetu inaitwa kaya namba 37. Kaya themanini za huku kwetu Kibosho zimepewa mafuta ya kupikia bure na watu wa utafiti. Nusu wana mafuta ya alizeti, nusu wana ya aina nyingine, lakini chupa zote zinafanana. Hazina jina, zina namba tu, ili hata muuguzi asijue nani anapikia yapi. Wanataka kujua asidi za mafuta tunayokula zinafanya nini kwenye moyo wa mtu mwenye presha. Babu ana presha, na damu yake ina lehemu nyingi, yaani kolesteroli. Kila siku inabidi kujaza fomu: amekula nini asubuhi, mchana, jioni, amekula nyama yenye mafuta, ndiyo au hapana, amesikia maumivu ya kifua, ndiyo au hapana. Babu haoni vizuri karibu. Bibi aliishia darasa la pili. Kwa hiyo najaza mimi.

Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya Babu Mkubwa Sifael, kaka yake Babu, aliyefariki Agosti. Mbuzi alichinjwa. Kwetu mnyama akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, na kidari, ile nyama ya kifuani yenye mafuta meupe unene wa kidole, ni cha mkubwa wa ukoo. Anakila mbele ya watu, wote wakimtazama, ili wajue amewapokea kwa moyo mweupe. Miaka yote kidari kilikwenda kwa Babu Mkubwa Sifael. Jumamosi kilikuja kwa Babu kwa mara ya kwanza. Ana miaka sabini na miwili. Niliona mikono yake inatetemeka alipopokea sinia.

Jioni nilipotoa fomu aliniuliza, "Unaandika nini, Domi?"

"Kidari, Babu."

"Kidari si chakula. Kidari ni heshima. Karatasi inauliza chakula."

"Inauliza nyama yenye mafuta."

"Haya. Na kesho nikipokea komunyo utaandika nimekula mkate?"

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi pia nilicheka. Nikaandika ndizi na maharage yetu ya kila siku: Mchana, kiburu na mchicha. Nyama yenye mafuta: Hapana.

Jana dada Maulida, muuguzi wa utafiti, alisoma karatasi zetu akasimama nazo mkononi. "Wangekuwa wote kama kaya 37," alisema, "tungemaliza kazi mapema." Akanishika bega. Mimi husifiwa darasani kwa kunyamaza tu. Nilifurahi sana, na kufurahi huko ndiko kunakonitisha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua ya vuli bado. Kahawa ya mwisho mtini imekauka kabla ya kuiva.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna cha kuandika. Fomu nimejaza kweli tupu.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo tulikutana zahanati, watu wa kaya kama thelathini, pamoja na mama yake Gladys, ambaye presha yake ni mbaya kuliko ya Babu. Dada Maulida alitundika nyuzi mbili za shanga. Uzi wa kwanza ulikuwa umenyooka. Wa pili ulikuwa na kona katikati. Alisema asidi za mafuta ni minyororo ya kaboni. Zilizonyooka hujipanga zikabanana, ndiyo maana mafuta ya mbuzi yakipoa yanaganda kwenye sufuria. Zenye kona hazibanani, ndiyo maana ya alizeti hayagandi. Mtu akila zilizonyooka kwa wingi, lehemu mbaya hupanda kwenye damu, na mishipa ya moyo huanza kuwa myembamba kwa ndani.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo babu zetu waliokula mafuta ya ng'ombe wakafika miaka tisini?"

"Waliofika tisini tunawakumbuka, baba," alisema dada Maulida. "Waliokufa hamsini tulisema wamerogwa."

Watu walicheka, yeye hakucheka.

Kisha akamtoboa kila mmoja kidole, tone moja la damu la kupima lehemu hapo hapo, jingine akaliweka kwenye kadi. Nilimwuliza kwa sauti ndogo hizo kadi zinaonyesha nini. Alisema zinasafirishwa, na majibu yatarudi Machi. Kuna asidi za mafuta za kaboni kumi na tano na kumi na saba. Nyingi hutengenezwa tumboni mwa ng'ombe na mbuzi. Zikiwa nyingi kwenye damu ya mtu, basi amekula maziwa au nyama ya wanyama hao, hata kama fomu yake inasema vingine.

Nikarudi kukaa karibu na Babu.

Mwishoni alimsimamisha Babu mbele ya wote awaeleze anavyokula. Babu alivua kofia. Alieleza habari za mchicha, maharage na ndizi za kuchemsha kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Walimpigia makofi. Nilitazama mikono yake. Haikutetemeka hata kidogo.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Mbuzi kwa kina Jovin, ndugu wa ukoo wetu. Kidari, na kisusio, ile supu ya damu, bakuli mbili. Fomu: Hapana.

Jumamosi, 9 Novemba

Kipaimara. Mbuzi wawili, nyumba mbili. Babu alikula kote kuwili. Fomu: Hapana.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua imeanza. Gladys ananiita Daktari wa Mafuta. "Ase, Daktari, chips zina kaboni ngapi?" Nilimjibu, akanitupia ganda la ndizi.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa Babu aliniita tukate mkungu wa ndizi nyuma ya zizi. Aliukata, akaubeba begani mwenyewe ingawa nilimwomba anipe. Hatua kama kumi akasimama. Akauweka mkungu chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akajishikilia kwenye mti wa kahawa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliukunja ngumi akaukandamiza katikati ya kifua. Jasho lilimtoka usoni, na kulikuwa na ukungu na baridi.

Nilihesabu kimoyomoyo, sijui kwa nini. Nilifika mia mbili na kumi kabla hajavuta pumzi vizuri.

"Gesi," alisema. "Pombe ya mbege ya jana ilikuwa changa."

"Babu, kijitabu cha utafiti kinasema mtu akikunja ngumi kifuani namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo."

"Kijitabu kimewahi kubeba mkungu?"

Sikucheka. Akaona sikucheka, akaketi juu ya mkungu, akanivuta nikae naye.

"Domi, mama yangu, sikiliza. Wakisikia hili watanilaza mjini. Kulazwa kwa wazee unakujua, anaingia na fimbo anatoka na jeneza. Krismasi watoto wote wanapanda kutoka Dar, Arusha, Mwanza. Mwaka huu ndio wa kwanza wananikuta mimi ndiye mkubwa. Nikiwa wodini, kidari kitakwenda kwa Eliakim." Babu Eliakim ni mdogo wake. "Nimekaa nyuma ya kaka yangu miaka yote hii nikila mbavu. Nipe Krismasi moja. Januari nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Kweli Januari?"

"Nimekuambia."

Nilibeba mkungu mimi. Kwenye fomu, maumivu ya kifua: Hapana.

Kila mara nilikuwa nikijiambia kidari ni jambo la damu, na damu itajisemea yenyewe Machi, hata nikinyamaza. Lakini hakuna kadi itakayoonyesha ngumi ile. Tuliiona sisi wawili tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Mtihani wa Biolojia. Swali la mafuta lilikuwepo, nililijibu lote.

Jumamosi, 23 Novemba

Ngumi tena, akipanda kutoka mferejini. Mia moja na themanini.

Jumatano, 27 Novemba

Dada Maulida alikuja nyumbani. Alipima presha ya Babu mara mbili, akaandika, akakunja uso kidogo. "Haishuki, Babu. Na lehemu ya mwezi uliopita imepanda. Kwa chakula hiki sielewi." Alipekua karatasi zangu moja moja. "Kifua je?"

"Kifua changu, binti? Gonga. Ni mlango wa kanisa."

Alimgonga kwa vidole viwili, kwa adabu, akacheka. Babu naye akacheka. Akaandika kwamba atamwuliza daktari kama vidonge viongezwe, kwa sababu upande wa chakula hakuna tena cha kurekebisha.

Hayo ndiyo maneno yake. Upande wa chakula hakuna tena cha kurekebisha.

Jumatatu, 2 Desemba

Ngumi. Safari hii hakuwa amebeba kitu. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa pili.

Jumatano, 11 Desemba

Nitaandika kwa utaratibu, maana nataka nikisoma baadaye nisijidanganye.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na njia ikawa utelezi. Dada Maulida alifika saa nne, gauni lake limejaa tope mpaka magotini, hijabu imelowa. Nilimpa maji anawe miguu. Babu alikuwa barazani. Alimtania kwamba mtoto wa mjini hajui kukanyaga mlima. Akapimwa. Akaulizwa kifua. Akajibu kama siku zote.

Kisha dada Maulida aliomba aone chupa za mafuta. Bibi alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe, hivyo nikaingia naye jikoni mimi. Chupa tupu nne zilikuwa zimepangwa ukutani, ya tano ilikuwa nusu. Alizitazama, akaandika. Lakini hakutoka. Alifunga daftari lake, akakaa kwenye kigoda cha Bibi, akawa ananitazama kutoka chini.

"Domi," alisema, "na mimi nina babu, yuko Pasua. Naye ni mcheshi. Mwaka juzi alianguka msikitini, ndipo tukajua alikuwa anaumwa miezi mitatu, anatufichia kwa utani. Mimi nakaa hapa nusu saa kila wiki mbili. Wewe unakaa naye. Kuna kitu?"

Sijawahi kuulizwa swali kwa upole namna ile. Watu wengi wakiniuliza kitu huwa tayari wanajibu wenyewe, maana nachelewa. Yeye alisubiri. Nilisikia mvua kwenye bati, nilisikia Babu anakohoa barazani. Nilijua sentensi yote. Ilikuwa na maneno machache: anakunja ngumi kifuani, mara tatu sasa. Niliipanga mdomoni mpaka ikawa tayari.

Nikasema, "Hapana, dada."

"Hakika?"

"Hakika."

Siku zote nimefikiri kuona haya ni ugonjwa wangu, kitu nilichozaliwa nacho kama mguu mfupi, na kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa mguu mfupi. Lakini leo sikunyamaza kwa kuona haya. Nilikuwa na sauti na nilikuwa na muda. Nilinyamaza kwa sababu Babu angenitazama tofauti, na kwa sababu dada Maulida angejua kuwa kaya 37 aliyoisifu ni mwandiko mzuri tu.

Alipoondoka Babu aliniuliza, "Alikuwa anataka nini jikoni?"

"Chupa."

Akanipa ndizi mbivu, ile ya kwanza ya mkungu, ambayo kwa kawaida anakula mwenyewe. Niliila. Ilikuwa tamu. Ninamwona sasa kuwa ni mzee anayeogopa, na mimi ndiye niliyemsaidia kuogopa badala ya kumsaidia kupona.

Jumamosi, 21 Desemba

Magari yameanza kupanda. Mengi ni ya Dar. Baba Mkubwa Yakobo, mtoto wa kwanza wa Babu, amefika na mbuzi wawili aliowanunua njiani. Mama yangu hatapata likizo kazini, hatakuja.

Jumapili, 22 Desemba

Kidari kwa kina Jovin.

Jumatatu, 23 Desemba

Kidari, nyumba mbili. Nilimwomba aonje tu. Alisema, "Heshima haionjwi."

Jumanne, 24 Desemba

Kidari. Ngumi, mara mbili.

Jumatano, 25 Desemba

Mbuzi wa Baba Mkubwa Yakobo. Watu zaidi ya sitini uani. Baba Mkubwa alimpelekea Babu sinia akiwa amepiga goti moja, na Babu akasimama na koti lake jeusi, akakata kipande cha kwanza. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile, na sijawahi kutamani furaha ya mtu iishe haraka namna ile. Alimaliza chote.

Alhamisi, 26 Desemba

Babu alikula kidari nyumbani kwa Babu Eliakim.

Ijumaa, 27 Desemba

Babu amefariki saa tatu asubuhi, kwenye gari la Baba Mkubwa, kabla hatujafika lami.

Jumatano, 1 Januari

Tumemzika jana. Mvua ilinyesha kaburini na udongo ukawa mzito kwenye makoleo. Ng'ombe alichinjwa, na kidari kilipelekwa kwa Babu Eliakim. Naye ana presha. Naye ni kaya ya utafiti, namba 52. Alikila chote, watu wakimtazama.

Leo nimesikia kwa masikio yangu wanavyosema kisimani: mafuta ya namba yamemuua mzee Filemon, yaani Babu. Hakuna aliyefuata masharti kama yeye, kila mtu anajua, alisimama zahanati akaeleza. Na ndiye amekufa. Kwa hiyo ni mafuta.

Alhamisi, 2 Januari

Gladys alikuja kunipa pole. Alisema mama yake amemwaga chupa zote mferejini, na vidonge vya presha pia, kwa sababu vimetoka mikono ile ile. "Si bora? Babu yako alivinywa vikamsaidia nini?"

Nilimwambia, "Asiache vidonge."

"Kwa nini?"

Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi ndani.

Jumamosi, 4 Januari

Kikao kilikuwa uani kwetu saa nane mchana. Baba Mkubwa Yakobo aliwaita dada Maulida na Daktari Hafidhi, mkuu wa utafiti, wajieleze mbele ya ukoo. Walikuja na gari moja dogo. Watu hawakuwaitikia salamu vizuri. Dada Maulida aliwaambia wazee shikamoo mmoja mmoja, na wengine walijibu wakitazama pembeni. Mama yake Gladys alikaa karibu na mlango wa zizi, akijipepea kwa mtandio ingawa kulikuwa na baridi.

Baba Mkubwa alikuwa na nakala za fomu zetu kwenye faili. Alizishika juu.

"Siku themanini na sita," alisema. "Baba yangu amekula majani kama sungura. Nyama yenye mafuta, hapana. Hapana. Hapana. Vidonge amekunywa. Kifua hakikumuuma hata siku moja. Halafu siku ya themanini na saba anakufa. Daktari, mimi si msomi wa moyo, lakini nauliza kama mtu wa kawaida. Kitu gani kipya kiliingia katika nyumba hii kama si mafuta yenu?"

Watu waliguna kukubali. Daktari Hafidhi alisema kwa upole kwamba hata kwake hilo ni swali, kwamba kwa fomu zile yeye mwenyewe angeshangaa. Sauti ya nyuma ikasema, "Si unaona!" Mwingine akasema warudi kwao na chupa zao. Dada Maulida alikuwa ameinamisha kichwa. Nilielewa kwamba alikuwa ameanza kuamini. Alikuwa anafikiri yeye ndiye aliyemletea Babu kifo kwa mkono wake, chupa kwa chupa.

Baba Mkubwa akaniita. "Domi, simama. Mwandiko ni wako. Wasomee, wasije wakasema tumetunga."

Nilisimama. Nilichukua karatasi ya kwanza.

"Jumamosi tarehe 12 Oktoba," nilisoma. "Mchana, kiburu na mchicha."

"Sauti," alisema mtu.

"Mchana, kiburu na mchicha. Nyama yenye mafuta..." Neno lilikuwa pale, Hapana, H yake kubwa nimeipamba. "Siku hiyo alikula kidari."

"Soma kilichoandikwa," alisema Baba Mkubwa.

"Kilichoandikwa ni uongo, Baba Mkubwa. Niliandika mimi."

Nilidhani watapiga kelele, lakini waliniacha niendelee. Sikuinua macho. Niligeuza karatasi moja baada ya nyingine na kila tarehe nikasema kilichotokea. Tarehe 2 Novemba, kidari kwa kina Jovin. Tarehe 9, vidari viwili. Tarehe 17 Novemba alikata mkungu, akakunja ngumi kifuani, jasho likamtoka. Aliniambia nisiandike, na sikuandika. Tarehe 23, ngumi. Tarehe 2 Desemba, ngumi, akifunga kiatu. Tarehe 11 Desemba dada Maulida aliniuliza peke yangu, jikoni, nikamjibu hapana.

Nilisikia dada Maulida anavuta pumzi. Sikumtazama.

"Tarehe 25," nilisema, "alikula kidari cha..."

"Inatosha," alisema Baba Mkubwa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Sinia lile alilipeleka yeye, kwa goti moja.

"Bado tarehe 26."

"Nimesema inatosha! Unamvua nguo babu yako kaburini!"

Hapo Bibi aliinuka. Tangu mazishi alikuwa hajasema neno mbele ya watu. Niliogopa anakuja kunipiga. Alinipita, akaingia ndani, akatoka anaburuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaiweka mbele ya Daktari Hafidhi na kuifunua. Ilikuwa imejaa mafuta ya kupikia karibu na ukingo.

"Mtoto hajui yote," alisema. "Baba Yakobo, mume wangu, alisema mafuta ya namba hayana ladha. Tangu siku ya Marehemu Wote nimempikia kwa mafuta ya mbuzi niliyoyakaanga mwenyewe. Haya niliyamimina humu, nikawa narudisha chupa tupu. Yalikuwa chini ya kitanda." Akamgeukia Baba Mkubwa. "Hayajamuua mtu. Hakuyala."

Mimi nimekula mboga hizo miezi miwili na sikutambua. Kila siku nilijua asidi zimejipangaje kwenye kitabu, na sikujua kilichokuwa kwenye sahani yangu. Bibi nilimdharau kidogo, sasa naweza kukiri, kwa kuwa hasomi. Na yeye alibeba siri yake kama mimi, kila mtu upande wake wa jiko.

Baba Mkubwa aliketi. Babu Eliakim alimwuliza daktari, "Kwa hiyo ni kidari kimemuua?"

Daktari Hafidhi alimgeukia. "Siwezi kusema hivyo, mzee. Kidari kimoja hakiui mtu, na mishipa yake iliharibika miaka mingi kabla sisi hatujaja. Ninachoweza kusema ni kimoja. Ile ngumi ya Novemba ilikuwa ni moyo unaomba msaada. Tulikuwa na wiki tano. Kuna dawa, kuna vipimo. Pengine angekuwa hapa, pengine asingekuwa. Lakini tungejaribu."

Wiki tano. Nilizihesabu upya, na ni tano na siku tano.

Watu waliondoka bila kuaga. Dada Maulida alipita karibu nami akielekea kwenye gari. Nilimwambia samahani. Alisema, "Si leo, Domi," na akaingia garini. Nadhani alikuwa na haki.

Jumatatu, 6 Januari

Baba Mkubwa ameondoka alfajiri. Hakuniaga.

Jumanne, 7 Januari

Mimi na Bibi tumejaza fomu zote upya, kuanzia siku ya kwanza. Yeye alikumbuka vyakula, mimi nilikumbuka ngumi. Pale ambapo hatukukumbuka sote wawili niliandika: hatukumbuki.

Jumatano, 8 Januari

Saa mbili asubuhi nilikwenda zahanati na karatasi themanini na sita, kila moja nimesaini jina langu kamili. Dada Maulida alizipokea. Alisoma chache akiwa amesimama, akasema zitaambatanishwa na zile za zamani, hazitafutwa, ili ionekane kilichotokea. Alisema kaya kumi na nne zimejitoa. Nikamwuliza kama mama yake Gladys ni mmoja wao. Akasema ndiyo.

Kutoka hapo nilikwenda kwao Gladys. Nilibisha hodi. Mama yake alikuwa anachambua maharage, na Gladys alikuwa anafua, akanipa mgongo. Nilimwambia mama yake tena yote niliyoyasema kikaoni, na ya ziada ambayo sikuyasema: kwamba dawa za Babu zilikuwa dawa nzuri, na kwamba aliyeziharibia kazi ni mimi, si muuguzi.

Alisema, "Kichwa kinanigonga tangu Jumapili."

Nilimwomba twende. Alisema atakwenda kesho. Nikakaa chini. Nilichambua maharage pamoja naye mpaka yakaisha, na yalipoisha nikamwomba tena. Akatafuta viatu vyake. Tuliteremka polepole, njia bado ni tope. Gladys alitufuata nyuma, hakunisemesha.

Presha ilisoma mia mbili na kumi kwa mia moja na kumi na tano. Dada Maulida alimlaza kitandani upande wa kushoto, akaita gari kwa simu. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, akanisogezea karatasi na kalamu kwa kiwiko bila kunitazama. Niliandika namba zote mbili kama zilivyosomeka. Akauliza kwa sauti, "Kifua, mama?" Mama yake Gladys alimtazama Gladys, kisha akasema ndiyo. Nikaandika ndiyo.